Blanketi la Milango Saba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Muuguzi Mkuu, madaktari bingwa na madaktari ambao ubingwa wao bado uko njiani, wauguzi wa wodi zote, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa jikoni, wa stoo, wa geti na wa chumba cha kufulia, ambao kwenye hotuba za ukumbi huu hutajwa mwisho, na hata mimi nimewataja mwisho kwa mazoea, mtanisamehe: habari za mchana.

Ofisi ya utumishi imeniandalia karatasi ya kusoma. Ni karatasi nzuri, ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake nimesifiwa mpaka nikageuka nyuma kutazama kama anasemwa mtu mwingine. Nimeikunja nikaitia kwenye pochi. Miwani yangu hii ni ya kutungia uzi, haijazoea kusoma maneno ya kuandikiwa, kwa hiyo mtanivumilia niseme ya kwangu.

Wengi wenu mnaniita Mama Alama, na wapo walioniita hivyo miaka yote bila kujua kwa nini. Kazi yangu kwa miaka thelathini na moja imekuwa chumba cha mashuka. Shuka likichanika nalishona, foronya ikipasuka naitia kiraka, vazi la upasuaji likikatika kamba nalitia kamba. Na zaidi ya hayo, kila kitambaa kipya kinachoingia hospitali hii, mimi ndiye ninayekitia alama: mishono mitatu mifupi ya uzi mwekundu kwenye pembe, na chini yake namba ya wodi. Chenye mishono mitatu ni mali ya hospitali, hakitoki getini. Kikichakaa kikawa cha kupigia deki tu, ni mimi tena ninayefumua ile mishono, na hapo kinakuwa tambara, anayelitaka alichukue. Alama naitia mimi, alama naitoa mimi. Naomba mlishike hilo, tutalihitaji mbele.

Nilikuwa mkali, sikatai. Msemo wangu ulikuwa mmoja: alama ni alama. Kuna daktari aliondoka hapa na taulo letu shingoni kwa kusahau, nikamfuata mpaka kwenye gari lake, nikalivua mwenyewe. Yupo hapa, namwona anacheka. Siku ile hakucheka.

Wiki iliyopita Mheshimiwa Mkurugenzi aliniita ofisini kwake, akaniketisha kwenye kile kiti kinachozama, akaniuliza, "Mama, siku ya kukuaga tukupe zawadi gani? Jokofu? Saa ya ukutani?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, nitasema siku yenyewe." Akadhani naona haya. Sikuona haya. Zawadi ninayoitaka siwezi kuiomba kabla sijasema jambo ambalo nimelikalia miaka kumi na moja, na nilitaka kulisema mbele ya watu wote, kwa sababu nilipokosea nilikosea mbele ya watu.

Lakini nianze na mume wangu.

Mume wangu alikuwa mpaka rangi. Mtaani walimwita Brashi, na mimi nikamwita hivyo hivyo, maana jina likishakaa limekaa. Tulipanga nyumba sita kabla ya kujenga yetu, na kila tulikohamia, kabla hajaingiza kitanda, Brashi alipaka mlango. Kitanda kimelala nje, mimi nimekaa juu ya furushi la vyombo, majirani wanatutazama kama watu waliofiwa na akili, na yeye anakoroga rangi kwa kijiti. Nikilalamika ananijibu, "Mke wangu, mgeni akija ataona nini kwanza? Kitanda?"

Mlango wa kwanza ulikuwa wa buluu, chumba kimoja kando ya mashine ya kusaga, unga ukiingia kwa chini ya mlango hata tusipoualika. Wa pili mwekundu, na mwenye nyumba akanuna, akasema mlango umependeza kuliko nyumba, sasa watu watamuuliza kwa nini nyumba iko hivi. Wa tatu wa manjano, mtoto wetu alizaliwa hapo. Wa nne juu kijani, chini kijivu, kwa sababu kijani kiliisha katikati, na Brashi aliapa mbele ya mtaa mzima kwamba ndivyo alivyokusudia. Wa tano mweusi, maana aligombana na mwenye nyumba na alitaka ajue. Wa sita wa kahawia, tulikaa miaka tisa, ndiko tulikozeekea. Na wa saba ni wa nyumba yetu wenyewe, vyumba viwili na ukumbi. Huo hakuupaka.

Hakuupaka kwa sababu siku alipoupiga msasa alikohoa mpaka akakaa chini. Nikamwambia pumzika, utapaka kesho. Kesho tukaja hapa, wodi ya nne, kitanda cha dirishani.

Ninyi wauguzi mnajua, mgonjwa wa mapafu huhisi baridi hata jua linapochoma. Na mablanketi yetu, Mheshimiwa utanisamehe, ni mazito mkononi na mepesi kwa joto. Kila nikipanda wodini namkuta Brashi amejikunja. Nikasema moyoni, mimi nimeshona vya watu miaka ishirini na mbili, huyu wangu nimemshonea nini? Vifungo tu. Basi nikaamua kumshonea blanketi la viraka, na juu yake niweke milango yetu yote, ili akilala mahali pasipo kwake, awe amejifunika kwake.

Nililishona kwa mkono, maana cherehani ni ya hospitali na mimi ndiye niliyekuwa nakataza watu kushonea mambo yao. Kila mlango niliukata kwenye nguo tuliyoivaa tukiwa katika nyumba ile. Wa buluu ni sketi niliyohamia nayo. Wa manjano ni nguo ya kumbebea mtoto. Mweusi ni suruali yake ya kuvaa akienda kudai haki. Vitasa nilivifanya kwa vifungo vya ovaroli lake la kazi, vingine bado vilikuwa na rangi imeganda, sikuitoa. Na mlango wa saba nilikata kitambaa cheupe, kitupu, nikatia kitasa, nikauacha hivyo.

Ilinichukua wiki saba. Nyumbani kijana wetu alikuwa ameshaenda mbali kikazi, hupiga simu Jumapili, simu fupi, ya mtu mwenye haraka katika nchi ya watu. Kwa hiyo jioni nilikuwa mimi na kitambaa. Nilizungumza nacho, msinicheke. Mtu akishona peke yake husema maneno ambayo hakuna wa kuyasikia, na mimi nilimwambia Brashi kwenye viraka vile mambo ambayo kitandani pale nilishindwa, maana kitandani tulikuwa tunaongea habari za dawa na uji.

Siku nilipompelekea alilitandaza miguuni, akagusa kitasa kimoja kimoja. Akafika kwenye mweusi akacheka mpaka muuguzi akaja. Akafika kwenye mweupe.

"Na huu?"

"Huo unamsubiri fundi."

"Fundi yuko likizo," akasema.

"Akirudi."

Alikuwa ameshika pembe ya blanketi, anaitazama kwa karibu. "Mke wangu," akasema, "umenifunika au umenisajili?"

Nikatazama. Mishono mitatu myekundu. Namba nne chini yake. Jamani, nililimalizia saa ya chakula mezani kwangu, pembeni kuna rundo la mashuka ya wodi ya nne yanangoja alama, sindano ina uzi mwekundu, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nani mwingine duniani angefanya kosa hilo? Mkono umetia alama miaka ishirini na mbili, hauulizi tena kitambaa ni cha nani.

Brashi alicheka sana siku ile. Kila daktari aliyepita alimwambia, "Mimi mali ya hospitali, nina risiti." Nikamwambia nitaifumua kesho. Akasema, "Iache iache, ndiyo sahihi yako." Na mimi nikaiacha, kesho na kesho kutwa, mpaka Alhamisi. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeshika shuka mkononi, akaja muuguzi mlangoni kwangu, akanitoa shuka mkononi akaliweka mezani. Nikajua.

Kitanda kikavuliwa, kama inavyotakiwa. Kila chenye alama kikaenda kufuliwa. Hakuna aliyekosea. Walifuata kanuni, na kanuni nilikuwa nimewafundisha mimi.

Niliporudi kazini baada ya maziko nilikuta blanketi langu limefuliwa, limekunjwa, liko juu ya rundo la wodi ya nne. Neno moja lingetosha. Ningemwambia Muuguzi Mkuu, hili ni la marehemu mume wangu, nilitia alama kwa bahati mbaya, na mama huyu mwenye huruma angelia pamoja na mimi, tungelifumua, ningekwenda nalo nyumbani. Wengi mngefanya hivyo. Mimi nililiweka kwenye toroli la wodi ya nne, likaenda kumfunika mtu mwingine.

Mnajiuliza kwa nini? Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Kati ya chumba changu na chumba cha kufulia kuna dirisha dogo. Upande wa kule yupo dobi wetu, ambaye sote tunamwita Mama Povu. Tulianza kazi mwaka mmoja. Tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja, bakuli moja, yeye anapenda ukoko na mimi simpi. Miaka miwili kabla Brashi hajaugua, mama yake Mama Povu alilala kitandani, mtu mzima, hawezi kugeuka mwenyewe. Ilihitajika nguo ya kumtandikia. Siku moja Mama Povu akachukua shuka chakavu kwenye rundo la matambara, lina tundu katikati la kupitisha kichwa, akalitia kwenye mkoba wake. Getini wakalikuta. Lina mishono mitatu.

Wakaniita. Kulikuwa na watu wengi, zamu zilikuwa zinapishana. Mlinzi akanionyesha ile pembe, akaniuliza, "Mama, hii ni mali ya hospitali?" Nikatazama alama, nikatazama watu, nikasema, "Alama ni alama."

Sasa sikilizeni. Shuka lile nilikuwa nimeshalikataa mimi mwenyewe. Nililitupa kwenye rundo la matambara siku ya Jumatatu, na kazi ya kufumua alama ilikuwa yangu, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimechelewa siku tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini ngoja ngoja yangu iliumiza tumbo la mwenzangu. Mama Povu hakuiba. Alichukua tambara, kama kila mtu hapa alivyowahi kuchukua. Ningesema pale getini, "Jamani, kosa langu, sikufumua," ingeisha kwa kicheko. Lakini Mama Alama achelewe? Mama Alama anayefuata madaktari kwenye magari? Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukamsimamisha mwenzangu kazi miezi miwili na kumwekea karatasi ya onyo kwenye faili. Nyumbani, Mama Povu alimwambia mama yake ni likizo. Nilikuja kusikia baadaye kwamba bibi alifurahi sana, akawa anawaambia wageni, binti yangu kazini wanampenda, wamempa likizo ndefu.

Aliporudi hakunigombeza. Hakunisalimu pia. Tangu siku ile mpaka leo, miaka kumi na moja, maneno yetu yamekuwa ya kuhesabu tu. Kanuni ya dirishani mnaijua: anayesukuma furushi anataja idadi, anayepokea anaitikia idadi, ndipo furushi linavuka. "Mia moja na kumi." "Mia moja na kumi." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yangu na mtu aliyekuwa akila nami bakuli moja. Sura yake niliiona kwa mbali siku za mishahara. Dirishani niliona mikono yake tu, imekunjamana kwa maji.

Kwa hiyo siku ile nimerudi kutoka maziko, nimeshika blanketi la mume wangu lenye alama, mikono ile ilikuwa dirishani inasubiri. Ningefungua vipi kinywa changu niseme alama si alama? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikasukuma toroli. Niliuita uadilifu. Jina lake halisi ni kiburi, na nimechoka kuliita jina la uongo.

Ndugu wageni waalikwa, nisingewachosha kama yangeishia hapo. Miezi minne baadaye blanketi likarudi mezani kwangu, kwenye furushi la vya kushonwa. Mshono umeachia, kati ya mlango wa sita na ule mweupe. Niliona aibu, nikasema nimezeeka, mshono wangu unaachia. Nikaushona upya, nikalirudisha. Baada ya miezi mitatu, mashuka kumi na manne na juu yake blanketi: mshono ule ule. Nikaushona kwa uzi wa viatu. Likarudi tena. Mara ya tatu nikavaa miwani. Uzi uliochakaa hukatika kwa manyoya manyoya, kila mmoja hapa aliyeshona anajua. Huu ulikuwa umekatika sawa, umekatwa kwa wembe.

Na kulikuwa na jambo la pili. Kanuni ya kukunja ni pembe yenye alama ikae nje, ili tuhesabu bila kukunjua. Mama Povu hajawahi kukosea kukunja, kwa mashuka laki moja sijui laki ngapi yaliyopita mikononi mwake. Lakini blanketi lile, kila lilipokuja, alama ilikuwa imekunjwa kwa ndani.

Nilimdhania vibaya. Nilisema ananitega: haya, chukua, tukuone getini na wewe. Nikawa nalishona, nalikunja upya, alama nje, narudisha. Mwaka mzima hivyo. Mpaka siku moja nilifika dirishani mapema, hakunisikia. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, kwenye ule mlango mweupe, inaulainisha kwa kiganja, pole pole, mara moja, mara mbili. Kisha ikakunja pembe ya alama kwa ndani, ikaikandamiza, na ikakaa pale kidogo kabla ya kusukuma.

"Mia moja na nne," akasema.

Ndipo nikaelewa. Mtu niliyemnyima tambara alikuwa ananiambia, kwa njia pekee iliyobaki kati yetu, chukua chako, mimi sijaona alama. Na kama huwezi kuchukua, basi kaa nalo siku moja, nimekukatia kazi.

Nikajibu nini? Nikajibu, "Mia moja na nne."

Mara ishirini na saba, ndugu zangu. Amelikata mara ishirini na saba, na mimi nimelishona mara ishirini na saba. Sikulichukua hata mara moja, kwa sababu kulichukua ilikuwa kukubali kusamehewa, na kusamehewa ilitaka niseme kwanza kosa. Lakini siku hizo, nawaambia ukweli, zilikuwa siku zangu. Nilikuwa nalishona pole pole. Nilikuwa nalala na kuamka katika nyumba ambayo kikombe nilichokiacha mezani asubuhi ndicho ninachokikuta jioni, palepale, mpini umeelekea kulekule, lakini siku ya blanketi nilikuwa na mtu magotini. Wakati mwingine nilipanda wodi ya nne kwa kisingizio cha kukagua mashuka, nione linamfunika nani. Nilimkuta mzee mmoja akiwahesabia wenzake milango, akafika kwenye mweupe akasema, "Huu wa choo." Wodi nzima ikacheka. Akamwuliza muuguzi, "Nani alishona hii?" Muuguzi akatazama alama, akasema, "Ya hospitali." Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mashuka mkononi, nikashuka ngazi. Majuto ni mjukuu, na mimi kwa kuwa sina mjukuu mwingine, huyo ndiye niliyemlea.

Leo asubuhi, siku yangu ya mwisho, nimefungua dirisha. Limekuja. Mshono umekatwa, alama ndani. Safari ya ishirini na nane.

Nilitunga uzi kama kawaida. Kisha nikauchomoa. Nikachukua wembe nifumue ile alama, maana alama naitia mimi, alama naitoa mimi, na mpaka saa kumi jioni kazi bado ni yangu. Nikauweka chini na wembe. Nimejificha nyuma ya alama kiasi cha kutosha, sitaki tena kujificha nyuma ya kuifumua. Blanketi liko mezani kwangu sasa hivi, limekunjwa vile alivyolikunja yeye.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, hii ndiyo zawadi yangu, na utaona jokofu lingekuwa rahisi zaidi. La kwanza: ile karatasi ya onyo kwenye faili la Mama Povu itolewe, na mahali pake iwekwe karatasi inayosema kosa lilikuwa la fundi wa mashuka, aliyechelewa siku tatu na kunyamaza miaka kumi na moja. Nitatia sahihi. Kama kuna adhabu, naomba mnipe kabla ya saa kumi.

La pili ni lako, ndugu yangu mlinzi wa geti. Wewe ndiye uliyeniuliza siku ile, na ulifanya kazi yako. Jioni ya leo atapita mama mmoja ana blanketi la viraka lenye milango saba. Pembeni lina mishono mitatu myekundu na namba nne. Ni alama yangu, naijua. Usifungue mkoba wake. Usiniite. Mimi nitakuwa nimeshatangulia, mikono mitupu. Mwache apite nalo, na kama kuna watu wengi getini, ni vizuri zaidi.

Naona Mheshimiwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Ahsante, baba. Saa ya ukutani mpeni daktari wa taulo.

Na wewe, dada yangu. Umekaa nyuma, karibu na mlango, na aproni yako bado mbichi; nilijua ungekaa hapo. Sijui kama unanitazama, miwani hii haifiki mbali. Shuka lile halikuwa mali ya mtu. Nililijua siku ile kama ninavyolijua leo. Nilikuacha pale getini peke yako, na mama yako akaishi na uongo ambao mimi ndiye niliyeukata na kuushona. Nisamehe. Wala usinijibu hapa. Nilikuaibisha mbele ya watu, sitaki watu hao hao wakulazimishe kunipigia makofi. Blanketi lichukue mezani kwangu, ukae nalo upendavyo.

Ila nikwambie ninapokaa, maana hujawahi kufika. Ukitoka hapa, pita kwa fundi baiskeli, ingia kichochoro cha kushoto, nyumba ya mwisho. Huwezi kupotea. Nyumba zote za pale zina rangi mlangoni, yangu ni mbao tupu, imepigwa msasa nusu. Nitabandika maji nikifika. Nitatoa vikombe viwili. Usipokuja sitakulaumu, chai ya mtu mmoja nimeizoea, naijua mpaka kijiko chake. Lakini ukija, njoo na blanketi likiwa limefumuka hivyo hivyo, usiguse mshono, uzi ninao. Na usipige hodi. Simama nje tu, useme, "Moja." Nitakuwa nyuma ya mlango, nitaitikia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mwenyekiti, Muuguzi Mkuu, ndugu zangu nyote, mmenipa masikio yenu mpaka uzi umefika mwisho. Asanteni sana.